Mama Marcelline Hajafa

Kila alasiri baada ya masomo, Denise, msichana wa miaka kumi na miwili, alipitia chuo cha jamii kilichokuwa karibu na kwao La Rochelle, mtaa wa Johannesburg, Afrika Kusini. Pale alimsubiri mama yake, Mamie, ambaye asubuhi alisuka nywele za watu na mchana alikuwa mwanafunzi.

Siku moja mwaka 2018, Mwalimu Kidawa, Mtanzania aliyefundisha chuoni hapo, alimwita.

"Jumamosi tuna sherehe, Denise. Tunataka utusomee historia ya chuo, kisha tuichapishe katika kijitabu. Waulize waliokuwepo tangu mwanzo, sawa?"

"Sharp, mwalimu!" Denise alikubali.

Lakini wiki nzima Denise alicheza netiboli. Alipokumbuka, ilikuwa Ijumaa. Alikimbilia chuoni, akaitazama picha iliyofifia ukutani: mwanamke mbele ya ubao, na chini yake maneno "Mama Marcelline, 1998". Kwa jinsi picha ilivyochakaa, alidhani mwenyewe alikwisha kufa. Mengine yote akayabuni.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Denise akasoma kwa madaha: "Chuo hiki kilijengwa na tajiri mmoja wa mtaa wa Marshalltown. Marehemu Mama Marcelline, mwalimu wa kwanza, alinisimulia hayo kabla ya kufariki."

Katika safu ya mbele, bibi mmoja aliyevaa kitenge cha kijani alisimama taratibu.

"Binti yangu," alisema, "Marcelline ni mimi. Sijafa. Na leo ndiyo mara ya kwanza nakuona."

"Eish!" mtu aliguta kwa mshangao kule nyuma. Hakuna aliyecheka.

Denise alipigwa na butwaa. Karatasi zilimponyoka. Alimtafuta mama yake kwa macho. Mamie alikuwa amejifunika uso kwa viganja.

"Tajiri gani?" Mama Marcelline aliendelea. "Tulianza wanawake wanane katika gereji ya kukodi, tukikalia makreti ya soda. Mwenzetu Victorine alikuwa akitia dole gumba kwenye kila fomu. Siku alipoandika jina lake, tulilia sote. Mwaka 2015, serikali ilipovikusanya vituo vya elimu ya watu wazima kuwa vyuo vya jamii, tayari tulikuwa mamia. Aliyekufa ni Victorine. Nani atamkumbuka, kijitabu kikimtaja tajiri?"

"Nilidanganya, bibi," Denise alisema huku machozi yakimtoka. "Sikumwuliza mtu yeyote. Nisamehe."

Mwalimu Kidawa aliahirisha uchapaji kwa wiki mbili. Kila alasiri Denise alikwenda na daftari nyumbani kwa Mama Marcelline. Aliuliza, akaandika, akamsomea. Penye kosa akafuta. Kijitabu kilipotoka, ukurasa wa kwanza ulikuwa na majina ya wanawake wanane, la Victorine likiwa juu.

Mama Marcelline alilisoma jina lile mara mbili, kisha akamshika Denise mkono.

"Siku ile uliniua huku nakutazama," alisema. "Kuuliza kungekuchukua nusu saa tu. Usiwaandikie watu maisha ambayo hawakuyaishi, mwanangu. Wengine hawapo tena kusimama wakukanushe."