Nakala ya Tano

Asubuhi hiyo Ndinda alishindwa kutulia. Alitwanga mahindi kidogo, akauacha mchi ndani ya kinu. Akaenda kuwatazama mbuzi. Akarudi, akaanza kufagia uwanja aliokwisha kuufagia.

Musembi, mume wake, alikuwa akitia jembe mpini.

"Mama Kalunde," alisema, "kaa chini kidogo. Hata kuku wamechoka kukukimbia."

"Nitakaaje? Susu Ndululu alirudi na gunia tupu kwa sababu yangu."

Ulikuwa mwaka wa 1984. Mvua ilikuwa imekosa misimu miwili, na karibu na Tawa watu waliishi kwa mahindi ya msaada. Ndinda alikuwa karani wa mwethya, kikundi cha akina mama waliochimba matuta pamoja. Naibu chifu aliwapa kazi ya kuandika majina ya nyumba zote za kijiji. Orodha ilitakiwa nakala tano, na ya tano ilikwenda kwa karani wa stoo ya msaada huko Tawa, aliyekuwa akiita watu kwa majina.

Ndinda aliandika kwa mkono, akiweka karatasi za kaboni katikati. Nakala ya kwanza ilikuwa nyeusi. Ya tano ilikuwa kama moshi. Siku ya kugawa, karani huyo alisoma alichokiona na kuruka asichokiona. Aliruka majina manne. Mmoja wa walioachwa alikuwa Susu Ndululu, bibi kizee aliyeishi peke yake. Alisimama mpaka magunia yakaisha. Majirani walimgawia chakula chao kidogo, lakini Ndinda hakupata amani.

"Si kosa la mkono wako," Musembi alisema. "Ni karatasi."

"Karatasi haikujiandika."

Habari zilimfikia Mchungaji Mwangangi. Alikuwa na taipureta mbili katika stoo ya kanisa. "Chagueni moja," aliwaambia akina mama. "Nyingine itakwenda Kasikeu Ijumaa. Kwa hiyo msikawie."

Moja ilikuwa ndogo, ya buluu, yenye sanduku la kushika kwa mkono mmoja. Nyingine ilikuwa kubwa, nyeusi, nzito kama ndama. Ndinda alikuwa amejifunza kupiga taipu kidogo katika chuo cha kijiji kabla ya kuolewa. Aliipenda ile ndogo mara moja. Alijiona akienda nayo nyumba kwa nyumba.

Musembi aliona tofauti. "Chukueni kubwa. Watu wataheshimu kikundi."

"Heshima haibebeki mlimani," Ndinda alimjibu.

Akina mama nao waligawanyika. Jumatano walibishana mpaka jua likawa kali. Ndipo mwenyekiti wao, Kasyoka, akasema, "Sisi tunabishana juu ya rangi na uzito. Hakuna hapa anayeijua kazi hiyo. Ndinda, nenda ukamwite Mwanahamisi."

Mwanahamisi alikuwa mzaliwa wa Kitui mjini. Alikuwa amepiga taipu katika ofisi moja ya Tawa kwa miaka kumi na miwili. Alhamisi alikuja kanisani na karatasi zake mwenyewe. Ndinda alianza kumweleza uzuri wa ile ndogo.

"Ngoja, dada," Mwanahamisi alisema. "Usiniambie unapenda ipi. Niambie utaandika nini."

"Majina. Nyumba themanini na sita."

"Nani atayasoma?"

"Karani wa stoo."

"Yeye anapewa nakala gani?"

"Ya tano."

"Basi tuiangalie hiyo ya tano."

Mwanahamisi aliweka karatasi tano na kaboni nne ndani ya taipureta ndogo. Ndinda akapiga majina kumi. Vidole vilikwenda vyepesi, akatabasamu. Kisha Mwanahamisi akachomoa karatasi ya mwisho na kumpa.

"Soma."

Ndinda aliipeleka dirishani. Aliona herufi chache tu, hapa na pale. Zilizobaki zilikuwa moshi ule ule.

"Nilipiga polepole," alisema. "Nirudie."

Alipiga kwa nguvu. Mashine iliteleza juu ya meza, na kila herufi "o" ikatoboa karatasi ya juu. Nakala ya tano bado haikusomeka.

Wakaenda kwa ile kubwa. Vibonye vyake vilikuwa vigumu, na Ndinda alikosea mara tatu. Lakini haikutikisika mezani. Nakala ya tano ilitoka imefifia kidogo, ila kila jina lilisomeka.

Ndinda aliitazama ile ya buluu.

"Nitaibebaje hii kubwa mpaka kwa watu?"

"Kwani lazima uibebe?" Mwanahamisi alimuuliza. "Mlangoni nenda na daftari na penseli. Andika jina, kisha umsomee mwenye nyumba asikie kama ni sawa. Taipu utapiga nyumbani, umekaa. Hiyo ndogo si mbaya. Kama ungeandika barua moja moja safarini, ningekuambia uichukue. Kazi yako ni nyingine."

Kabla ya kuondoka alimwonyesha mambo mengine. Walibonyeza kila herufi kuona kama zote zinafanya kazi. Walipima utepe wa wino na kuhakikisha kwamba wa aina ile unapatikana madukani Tawa. Mwanahamisi alimtajia pia fundi anayeweza kuitengeneza.

Akina mama waliisukuma taipureta kubwa hadi kwa Ndinda kwa wilbaro. Musembi aliipokea akicheka.

"Nilisema kubwa."

"Ulisema kwa sababu ya heshima," Ndinda alimjibu. "Sisi tumeipima."

Alizunguka kijijini siku mbili na daftari. Siku tatu zilizofuata alipiga taipu, viganja vikimuuma. Ukurasa mmoja aliurudia kwa sababu aliruka mstari. Alipomaliza, alimpa Musembi nakala ya tano. Musembi alisoma kwa shida, kwa maana hakukaa shuleni sana. Alisogeza kidole jina kwa jina mpaka mwisho, wala hakukwama.

"Kama wewe umeweza," Ndinda alisema, "karani ataweza."

Siku ya kugawa, Ndinda alikwenda Tawa mapema. Alisimama kando ya karani, tayari kumsaidia jina likimshinda. Karani alianza kuita. Susu Ndululu aliitwa, akapita na gunia lake. Wakaitwa wengine. Kila mara Ndinda aliinama kutazama karatasi, na kila mara karani alikuwa ameshaita jina linalofuata.

Mwishowe karani alimgeukia. "Mama, unanizibia mwanga. Orodha yako inasomeka. Nenda ukapange foleni kama wenzako."

Ndinda akaenda. Akina mama walisogea, wakampa nafasi kivulini. Akakunja miguu, akakaa chini, akangoja kuitwa.