Saini Iliyowaka na Kuzima

Kila alasiri, akishafua soksi zake na kuzianika dirishani, Kiherehere aliketi kwenye kigoda kando ya meza ya shangazi yake. Shuleni alikuwa na jina jingine kwenye daftari la mahudhurio, lakini hakuna aliyelitumia. Alikuwa mtoto wa kujibu swali kabla halijaisha na kunywa chai kabla haijapoa, na ulimi wake ulikuwa umeshaungua mara nyingi.

Shangazi alikuwa msanifu wa mabango, yale yanayokaa juu ya kurasa za mtandaoni: la duka la viatu, la shule ya udereva, la fundi wa majokofu. Kiherehere naye alikuwa akijifunza. Klabu ya kompyuta shuleni ilikuwa na baraza lake mtandaoni, ambapo wanafunzi waliulizana maswali ya masomo na, mara nyingi zaidi, walitaniana. Chini ya kila ujumbe ilitokea picha ndogo, ndefu na nyembamba kama rula, yenye jina la mwandishi na mapambo yake. Waliiita saini. Ukiandika ujumbe kumi, saini yako ilitokea mara kumi. Kwa domo lile la Kiherehere, yake ilitokea kuliko za wote.

"Umejaza mno," Shangazi alisema siku hiyo. "Maua, nyota, paka, na herufi za aina nne. Mtu aanzie wapi kusoma?"

"Kwenye paka."

"Basi abaki paka, wengine watoke. Herufi za aina moja zinatosha. Na usiivute hiyo picha mpaka paka wa watu aonekane kama amekanyagwa na gari. Acha nafasi tupu pembeni, jina lipate pumzi. Halafu kasimame mlangoni uitazame. Kama husomi ukiwa pale, na mwenzako hatasoma kwenye simu."

Kiherehere alitii shingo upande.

"Na sheria yangu?"

"Nisipandishe kitu mtandaoni kabla hujakiona, Shangazi."

Saini ikatoka safi: paka mweusi, jina, nafasi nyeupe. Lakini kesho yake mvulana mmoja wa klabu, mrefu aliyeitwa Mlingoti, aliitazama akapiga mwayo wa makusudi. "Saini yako imelala," alisema, na wenzake wakaangua kicheko. Kijiti, msichana mwembamba aliyekaa dawati moja na Kiherehere, alisema kwa sauti yake ndogo, "Mimi naipenda. Inasomeka." Kiherehere hakumsikia. Roho ilikuwa inamchoma.

Jioni Shangazi alitoka kwenda kumwona mteja. Kiherehere akaketi kwenye kompyuta, akatengeneza picha mbili: moja nyekundu yenye herufi nyeupe, nyingine nyeupe yenye herufi nyekundu. Akaziamuru zipokezane. Palikuwa na mahali pa kuchagua kasi, naye akasogeza kipimo mpaka mwisho. Saini ikaanza kuwaka na kuzima, ikamwasha hata macho. Akaipandisha.

Asubuhi alivikwa vilemba vya ukoka mpaka akavimba kichwa. "Nipe na mimi!" alisema Mlingoti, na wengine wakafuata. Wakati wa mapumziko akawagawia, na kila mmoja akabadilisha jina tu.

Katika kipindi cha mwisho mwalimu wa kompyuta alifunga mapazia, akawasha projekta na kufungua baraza ukutani. Ukurasa uliotokea ulikuwa wa maswali ya hesabu, ambao Kiherehere aliuandika karibu peke yake. Saini zake zikajipanga kutoka juu hadi chini, zote zikiwaka na kuzima pamoja. Chumba kizima kikawa chekundu, cheupe, chekundu, cheupe. Watoto wakashangilia.

Kiherehere alimgeukia Kijiti apate sifa. Kijiti alikuwa amekodolea macho ukuta bila kupepesa.

"Kijiti?"

Kidole chake kimoja kilianza kurukaruka juu ya meza, kisha mkono mzima. Kisha Kijiti akaanguka chini, mwili wote ukitetemeka kwa nguvu.

"Ameingiwa na mapepo!" mtu alipiga kelele nyuma.

"Nyamaza!" alisema mwalimu. "Zimeni projekta! Fungueni mapazia! Ondoeni viti karibu yake. Hapana, msimshike, na msimtie kitu chochote mdomoni." Akavua koti lake, akalikunja na kuliweka chini ya kichwa cha Kijiti, huku akitazama saa. Mtetemeko ulipokoma alimlaza ubavu. Muda si mrefu mama yake Kijiti, aliyepigiwa simu, alifika akihema, wakampeleka hospitali.

Kiherehere alibaki amesimama. Alijua Kijiti alikuwa akitazama nini. Alitaka kumwambia mwalimu, lakini kila alipofungua mdomo aliona macho ya darasa zima yakimgeukia. Akafunga mdomo.

Nyumbani alikimbilia kompyuta, akaifuta saini yake kama mtu anayesukuma vipande vya kikombe chini ya kabati. Shangazi aliporudi, alikuwa na habari.

"Nimempitia mwalimu wenu. Mwenzako ameamka, anawatambua watu. Ila daktari anauliza kilichomwangusha, na mama yake hana la kumjibu. Huko mtaani nako wameshaanza kusema ni mapepo. Kuna mzazi anataka mwanawe asikae karibu naye." Akamtazama. "Mbona unatetemeka?"

"Baridi," alisema Kiherehere, na jasho lilikuwa linamtoka.

Shangazi alipoingia jikoni, Kiherehere alifungua tena baraza apate kujua kama kuna jipya. Ukurasa ulikuwa umejaa salamu. Pole Kijiti. Ugua pole. Rudi haraka. Na chini ya kila salamu, kazi yake mwenyewe iliwaka na kuzima, nyekundu, nyeupe, ikiwa na jina la Mlingoti na majina ya wengine wote aliowagawia. Alikuwa amefuta moja, zilizobaki hakuwa na uwezo wa kuzigusa.

Mwishoni kabisa palikuwa na ujumbe mpya, ulioandikwa kwa jina la Kijiti: "Mimi ni mama yake Kijiti. Tumeruhusiwa, tunakaribia nyumbani. Asanteni wanangu. Tukifika tu nampa simu azisome pole zenu mwenyewe."

Kiherehere aliruka kutoka kwenye kigoda.

"Shangazi! Shangazi!"

Shangazi alitoka jikoni na mwiko mkononi. Maneno yakamtoka Kiherehere yote kwa mkupuo: picha mbili, kasi, projekta, kufuta, simu. Shangazi alitazama kioo mara moja tu, na uso wake ukabadilika.

"Kwao ni wapi?"

"Nyuma ya kinyozi."

"Twende!"

Walikimbia. Kandambili moja ya Shangazi ilikatika, akaiacha barabarani. Simu ilikuwa sikioni mwake. "Mwalimu, funga baraza! Funga kwanza, utaniuliza baadaye!" Kiherehere alitangulia, akilia bila sauti, akimwona Kijiti akilini tena na tena, akitetemeka sakafuni.

Mlango ulikuwa wazi. Kijiti alikuwa kwenye kochi, amejifunika shuka, simu ya mama yake mkononi. Mtandao ulikuwa wa kusuasua, na duara dogo lilizunguka katikati ya kioo kitupu. Kiherehere aliruka, akakifunika kioo kwa viganja vyote viwili. Simu ikaponyoka, ikaanguka sakafuni.

"Una wazimu wewe?" mama yake Kijiti alifoka.

"Usimpe, mama! Ni mimi. Kilichomwangusha ni saini yangu. Nimeitengeneza mimi, nikaificha, na wenzangu wanayo." Akapiga magoti pale pale. "Nisamehe, mama."

Shangazi aliingia, mguu mmoja peku, akaiokota simu na kuigeuza kifudifudi. Muda huo mwalimu akampigia simu. Baraza lilikuwa limefungwa. "Nami niliiona ikiwaka pale ukutani," alisema. "Haikunijia akilini hata kidogo."

Mama yake Kijiti alikaa chini taratibu. "Njia nzima nimejiuliza nimemlisha mtoto nini," alisema. "Nikajiuliza nimemkosea nani. Kumbe jibu ulikuwa nalo." Hakumpiga wala hakumtukana, na hilo lilimuuma Kiherehere zaidi. "Kesho unakuja nami kwa daktari. Umwambie hivyo hivyo ulivyoniambia."

Daktari alimsikiliza Kiherehere mpaka mwisho.

"Wapo watu wachache ambao ubongo wao hauvumilii mwanga unaowaka na kuzima kwa kasi," alieleza. "Ukizidi mara tatu kwa sekunde moja, unaweza kuwaletea kifafa. Si mapepo, wala hakiambukizi. Tutampima tuhakikishe, lakini sasa najua pa kuanzia. Jana sikujua." Akamgeukia Kijiti. "Ukikutana na mwanga wa namna hiyo, funika jicho moja kwa kiganja, kisha geuka uondoke."

Njiani kurudi, Kiherehere alitembea nyuma ya Shangazi, hakuthubutu kumtazama.

"Nilikufundisha herufi na nafasi," Shangazi alisema, "nikasahau kukuambia jambo la kwanza kabisa. Nyuma ya kila kioo kuna mtu, na humjui ana nini. Unapotengeneza kitu, mfikirie yeye kabla ya kufikiria sifa. Hukujua mwanga unaweza kudhuru, na kosa hilo nalibeba pamoja nawe. Lakini kupandisha kabla sijaona, kufuta, na kunyamaza, hayo ni yako peke yako. Kama ungesema jana mchana, tusingekimbia vile."

"Na kama nisingesema kabisa?"

Shangazi alimshika mkono, akaubana. "Hilo sitaki hata kuliwaza."

Siku Kijiti aliporudi shuleni, Kiherehere alisimama mbele ya darasa akaeleza yote. Mlingoti hakucheka. Alihamisha kiti chake akaja kukaa nyuma ya Kijiti, na neno mapepo halikusikika tena. Baraza lilifunguliwa upya likiwa na sharti moja juu kabisa: hakuna saini ya kuwaka na kuzima.

Kiherehere alitengeneza nyingine. Alimwonyesha Shangazi kwanza, kisha akaichapisha kwenye karatasi na kumpelekea Kijiti dawatini. Paka mweusi, jina, nafasi nyeupe. Kijiti aliishika karatasi kwa mikono miwili, akaitazama.

"Imelala," Kijiti alisema, akitabasamu.

"Iache ilale," alijibu Kiherehere, na machozi yakamlengalenga.