Dawa Juu ya Meza ya Mababu

Kila alfajiri jirani yangu, Mama Thoa, huwasha udi kwenye meza ya mababu, pale anapowaomba wazee wa ukoo waliokwisha kufa. Siku ile aliwasha fungu zima, akafunga na madirisha ili dua isipeperuke. Kesho yake Nhan, mke wa mwanawe, angerudishiwa tumboni yai lililorutubishwa hospitalini. Walikuwa wamemngoja mtoto miaka mingi.

Nikasikia Nhan akikohoa. Mimi ni muuguzi, kikohozi kile nakijua. Niliingia bila hodi.

Nhan alikuwa amelala, kifua kinapiga filimbi. Hata neno moja lilimshinda kutamka.

"Mkalisheni! Fungueni madirisha! Dawa yake ya dharura iko wapi?"

Mumewe, Khiem, akaileta mbio. Nhan akaivuta, kisha akaivuta tena.

"Na ile ya kuvuta kila siku?"

Mama Thoa akatazama meza ya mababu. Jamani! Dawa ilikuwa pale, katikati ya mabalungi ya sadaka.

"Niliwakabidhi wazee wamtunzie," akasema. "Si itamdhuru mjukuu wangu?"

"Nani kakwambia, mama? Mtoto tumboni hutegemea pumzi ya mama yake. Huyu akikosa hewa, na mtoto anakosa. Pumu isiyotibiwa ndiyo hatari. Dawa haiachwi bila kumuuliza daktari. Nhan, daktari wa uzazi anajua una pumu?"

Akatikisa kichwa. "Niliogopa... ataniahirisha."

"Loo! Ukaona heri ufe?" Nilikuwa nimekasirika, sikuficha.

Filimbi haikukoma. Midomo ikaanza kubadilika rangi. Tukamkimbiza hospitali, Khiem analia njia nzima kama mtoto.

Walimpa hewa na dawa, akapata nafuu. Lakini daktari wa uzazi aliahirisha kweli. Nhan akalia kwa uchungu.

"Yai lako tumeligandisha, liko salama," daktari akamwambia. "Tutulize pumu kwanza. Na usinifiche kitu tena."

Udi ukahamia uani, mbali na madirisha. Nhan akavuta dawa yake kila siku, akisukutua mdomo baadaye. Kifua kilipotulia, yai likarudishwa. Likashika! Hata mimba ilipokua, daktari hakumwachisha dawa.

Leo binti yao anatambaa. Asubuhi namsikia Mama Thoa ng'ambo ya ukuta:

"We Nhan! Umevuta dawa?"

"Bado, mama. Tuwasalimie wazee kwanza."

"Vuta kwanza! Wazee hawana haraka."