Gari la Wamae Bila Sailensa

Kila asubuhi ya siku za shule, watu watatu walitoka Gatitu kwa gari moja. Dereva alikuwa Wamae, karani wa ghala la kahawa huko Karatina. Kando yake aliketi mkewe, Ngendo, ambaye alishona sare za shule katika kibanda karibu na soko la Karatina. Nyuma aliketi binti yao wa pekee, Shirleen, wa miaka tisa. Shule yake ilikuwa hatua chache tu kutoka kibandani kwa mama yake.

Wamae alikuwa mtu mpole wa sauti ndogo. Kazini, akisema jambo, mara nyingi aliombwa alirudie. Lakini alipenda magari tangu utotoni, hasa yale yanayonguruma. Mwezi wa Juni alipeleka gari lake kwa fundi mmoja wa kuchomelea vyuma kando ya barabara, akamwomba akate sailensa. Sailensa ni kile kikopo kikubwa cha chuma kilicho chini ya gari. Kazi yake ni kupunguza kelele za injini. Fundi alikikata, akaunga kipande kifupi cha bomba mahali pake. Gari likaanza kunguruma kama la mashindano. Kwenye kituo cha mafuta watu waligeuka kutazama. Wamae alirudi nyumbani akitabasamu peke yake. Ngendo hakuipenda sauti ile hata kidogo, lakini hakutaka kumharibia mumewe furaha, kwa hiyo alinyamaza.

Kisha ikaja Julai, na ukungu wake na baridi ya kuuma masikio. Walisafiri na vioo vimefungwa. Katika wiki ya pili, Shirleen alianza kulalamika kwamba kichwa kinamuuma. Siku moja alitapika kwenye lango la shule. Siku mbili baadaye alitapika tena. Mwalimu alimpigia Ngendo simu, akamwambia kwamba mtoto anafika darasani akiwa mchovu kama mtu aliyekesha, lakini ikifika saa nne anachangamka.

Ngendo aliogopa. Kaka yake, Kingori, alianza vivyo hivyo. Kichwa, kisha kutapika, kisha hospitali kubwa, ambako waliambiwa kuna uvimbe ndani ya ubongo. Walimzika kabla hajafika miaka thelathini. Ngendo hakumwambia mtu hofu hiyo. Alimtazama tu Shirleen wakati wa kula, wakati wa kuoga, wakati wa kusoma. Akiona mtoto ameshika paji la uso, aliacha alichokuwa akifanya akamgusa kichwa.

Alimpeleka kwenye kliniki. Walipima malaria, hakuna. Walipima taifodi, hakuna. Macho yalikuwa mazima. Alipewa dawa ya maumivu na kuambiwa arudi kama hali itaendelea. Hali iliendelea.

Alhamisi moja Ngendo hakwenda kazini. Alitaka kwenda hospitali ya mjini kuulizia kama Shirleen anaweza kupigwa picha ya kichwa. Mvua ilikuwa ikinyesha. Wamae alimchukua mtoto, gari likanguruma mpaka barabarani, kisha Ngendo akafunga mlango na kufungua mwavuli.

Langoni alikutana na jirani yao Tryphosa, muuguzi kutoka Vihiga aliyefanya kazi Nyeri kwa miaka mingi. Alikuwa anarudi kutoka zamu. Tryphosa alimwona jinsi alivyokonda uso, akamuuliza kuna nini. Ngendo akamweleza yote, hata habari za Kingori.

Tryphosa hakuonekana kushtuka. Alianza kuuliza maswali madogo madogo.

"Mama Shirleen, mtoto anaumwa siku gani?"

"Siku za shule. Asubuhi."

"Na Jumapili?"

"Jumapili anacheza tu. Tunaenda kanisani kwa miguu, hata haketi."

"Wewe je, hakuna kitu unasikia?"

Ngendo alisema kwamba yeye pia kichwa humuuma asubuhi za siku za kazi, lakini ni kwa sababu ya kukosa usingizi. Wamae naye alikuwa akimeza dawa za kichwa siku za kazi, si Jumapili. Alidhani ni karatasi za ghala zinazomchosha macho.

Tryphosa aliweka mkoba wake juu ya ukuta wa maua.

"Watu watatu hawawezi kuumwa kichwa siku zilezile, halafu wote wapone Jumapili," alisema. "Siku za shule mnakuwa pamoja wapi?"

"Kwa gari," Ngendo alijibu. Alilisema kabla hajalielewa.

"Hilo gari lilianza kupiga kelele lini?"

"Juni."

Tryphosa alimshika mkono. Alimweleza kwamba moshi wa gari una gesi ya sumu inayoitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi. Haina harufu. Mtu huivuta bila kujua, nayo hukaa kwenye damu mahali pa hewa safi. Kwanza kichwa huuma. Kisha mtu hutapika, halafu husinzia, na anaweza kufa akionekana kama amelala. Kama bomba la moshi limekatwa vibaya, gesi hiyo huingia ndani ya gari. Mtoto huumia haraka kuliko mtu mzima.

"Leo mvua inanyesha," Ngendo alisema polepole. "Wamefunga vioo."

Alimpigia Wamae simu. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, na tena. Ndipo akakumbuka kwamba tangu Juni Wamae hasikii simu akiwa anaendesha, kwa sababu ya ile kelele. Akampigia mwalimu. Mwalimu alisema Shirleen hajafika. Lori lilikuwa limeteleza na kuziba barabara karibu na Marua, na watoto wengi walikuwa hawajafika bado.

Kwa hiyo gari lilikuwa limesimama kwenye msongamano, injini ikiwaka, vioo vimefungwa.

Tryphosa alisimamisha pikipiki iliyokuwa inapita. Wakati Ngendo anapanda, alimwambia maneno machache, akayarudia ili asisahau. "Fungua milango yote. Zima injini. Mtoe mtoto nje kwa hewa, hata kama ni mvua. Halafu hospitali, hata akiamka na kusema amepona. Waambie ni moshi wa gari."

Ngendo aliyasema maneno hayo njia nzima. Matone ya mvua yalimchoma usoni. Msururu wa magari ulianza mbali kabla ya Marua, na dereva wa pikipiki akapita pembeni polepole. Magari mengi yalifanana katika mvua ile. Ngendo alitafuta kwa macho, akakosa. Kisha alisikia ile sauti ya kunguruma, mbele kidogo, upande wa kushoto. Akaruka kabla pikipiki haijasimama.

Alifungua mlango wa nyuma. Shirleen alikuwa ameegemea mkoba wake, mdomo wazi. Ngendo alimwita. Hakujibu. Alimvuta, akawa mzito na mlegevu kama nguo iliyolowa. Wamae aligeuka taratibu, macho mazito, akamwambia mkewe amwache mtoto, kwani amelala tu.

"Zima gari," Ngendo alisema. "Zima, utoke."

Alimlaza Shirleen kwenye nyasi kando ya barabara, kwa ubavu, akamkinga uso na khanga. Wamae alizima injini, akatoka akipepesuka, akaketi palepale kwenye matope. Watu walishuka magarini. Mtu mmoja aliuliza kama ni kifafa, na Ngendo akajibu kwamba ni moshi. Alimsugua mtoto mgongo, akamwita jina lake la kubatizwa na lile alilorithi kwa bibi yake. Hakujua muda gani ulipita. Kisha Shirleen alikohoa, akatapika, akaanza kulia kwa sauti nyembamba. Ngendo hakuwahi kufurahi hivyo kusikia mtoto wake akilia.

Mkulima mmoja aliyekuwa nyuma ya lori aligeuza pikapu yake, akawapeleka wote watatu Karatina kwa barabara ya ndani. Hospitalini Ngendo alisema kama alivyofundishwa. Daktari hakupoteza wakati. Shirleen aliwekewa hewa ya oksijeni kwa barakoa, na Wamae pia, kitanda kwa kitanda. Damu ilipimwa, na gesi ile ilikutwa kwa wote wawili. Daktari alimwambia Ngendo kwamba hakuna uvimbe wowote anaoushuku. Lakini kama wangechelewa nusu saa zaidi, habari ingekuwa nyingine. Ngendo aliketi kwenye benchi akamlilia Kingori, kaka yake, kama vile alikuwa amefariki juzi.

Shirleen na baba yake waliruhusiwa kurudi nyumbani siku iliyofuata.

Gari lilivutwa hadi gereji ya Kioko, fundi wa Ruring'u. Ngendo alikwenda pamoja na mumewe, kwa sababu alitaka kuona kwa macho yake. Kioko aliliinua gari, akawasha injini kwa muda mfupi nje, penye hewa. Akawaonyesha mahali bomba lilipoungwa. Palikuwa na ufa, na moshi ulitoka hapo, chini kabisa ya kiti cha Shirleen. Halafu akafungua buti, pale nyuma pa kuwekea mizigo. Mpira wa kuzuia vumbi ulikuwa umechanika, na sakafuni palikuwa na tundu la kutu.

"Moshi unaingia hapa na hapa," alisema. "Mkifunga vioo, hauna pa kutokea."

Wamae aliuliza, kwa sauti yake ndogo, kama ule ufa ukichomelewa vizuri anaweza kubaki bila sailensa. Ngendo alimtazama. Kioko pia alimtazama, kisha akajibu bila hasira.

"Mzee, hapana. Hili bomba limekatwa fupi, linaishia chini ya buti. Hata bila ufa, moshi utarudi ndani. Kazi ya sailensa si kupunguza kelele tu. Inaenda na bomba linalotoa moshi nyuma kabisa, mbali na nyinyi. Na hiyo kelele yenyewe inaharibu masikio, na polisi wakikushika uko na makosa."

Wamae aliinama akagusa tundu la kutu ndani ya buti. Alipokuwa anafuta kutu mikononi, Ngendo aliona kwamba analia.

Kioko aliweka sailensa mpya na bomba zima mpaka nyuma. Aliziba tundu, akabadilisha mpira wa buti. Aliwaambia wakague bomba kila gari linapofanyiwa huduma. Wakisikia kelele mpya, au watu wawili wakiumwa kichwa safarini, wasimamishe gari, watoke nje na wamtafute fundi.

Jumatatu walisafiri tena. Ngendo aliacha kioo wazi kiasi cha vidole viwili, ingawa baridi iliingia. Kila baada ya muda aligeuka nyuma. Pale Marua alishusha kioo zaidi. Shirleen alikuwa akisimulia habari za rafiki yake aliyepoteza kiatu, na kwa mara ya kwanza tangu Juni wazazi wake wote wawili walimsikia vizuri. Kabla mwezi ule haujaisha, Ngendo alikuwa amesahau dawa za kichwa zilikowekwa.

Jumamosi moja Wamae alikwenda mahali pa kuosha magari, penye wanaume waliosifu sana mngurumo wa gari lake. Ngendo alimsindikiza. Wamae aliwasimulia yote, hata jinsi alivyodhani mtoto amelala. Wachache walitikisa kichwa kwa masikitiko. Mmoja wao, Mathenge, ambaye naye alikuwa amekata sailensa na ana watoto wawili wadogo, aliendelea kusugua gurudumu kama hasikii.

Wiki mbili baadaye Ngendo alikuwa akivuka barabara pale Gatitu. Gari lilimpita bila mngurumo, hakuligundua mpaka dereva alipompungia mkono. Alikuwa Mathenge, na nyuma yake watoto wawili walikuwa wakigombania dirisha.