Mume Wangu Hakuwahi Kukataa Keki Yangu

Nina umri wa miaka arobaini na sita. Nilizaliwa Buyenzi, Bujumbura, na sasa ni mkazi wa Etterbeek, hapa Brussels. Nina mtoto mmoja, Zuhura, wa miaka kumi na saba. Mume nilikuwa naye... jina lake Rajabu.

Wasomaji wenzangu, najua mkisikia mwanamke anasema mumewe alimficha jambo kwa miaka, mnaanza kumtafuta mwanamke wa pili. Msijisumbue, hakuwepo. Angekuwepo ningepata mtu wa kumtukana, na pengine leo ningekuwa nalala vizuri.

Mimi ni mtu wa vitamutamu. Asubuhi nasafisha ofisi karibu na Schuman, lakini hiyo ni kazi ya kulipia nyumba tu. Kazi ya moyo wangu ilikuwa oveni. Keki ya nazi na hiliki, keki ya chokoleti ya matabaka, krem karamel inayotikisika kwenye sahani bila kuvunjika. Ikiwa ni harusi, akika, Idi, au mtoto wa mtu amefaulu mtihani, simu ilikuwa inalia kwangu. Wanawake wa Kikongo wa mtaa wa Matonge walinibandika jina la Maman Gâteau, Mama Keki, na mimi kichwa kilivimba, sitaki kuwadanganya.

Nyumbani kwetu kulikuwa na desturi moja. Kipande cha kwanza cha chochote kilichotoka kwenye oveni kilikuwa cha Rajabu. Namkatia, namwekea, kisha nasimama palepale mbele yake na kisu mkononi, namtazama usoni mpaka ameze. Hapo ndipo naridhika.

"C'est bon, Maman Zuhura. Kweli ni tamu," alikuwa akisema. Halafu namwongezea.

Katika miaka yote ya ndoa yetu hakusema hata mara moja kwamba ameshiba. Nilijisifu kwa hilo mbele ya wanawake wenzangu. Wao waume zao walikuwa wanakwenda kula nje, wangu alikuwa anarudi nyumbani kula keki.

Rajabu alikuwa mlinzi katika jengo moja la ofisi, mtu mrefu, mpole, wa maneno machache. Alikuwa na ugonjwa wake mmoja, ndivyo nilivyokuwa nasema kwa utani, ugonjwa wa parki. Nazungumzia zile parki kubwa za michezo, zenye bembea za kupindua watu na vitreni vya kupanda juu na kuporomoka. Likizo ikifika tu, tuko kwenye gari. Za hapa Ubelgiji tulizimaliza zote, tukaanza kuvuka mpaka kwenda Uholanzi na Ufaransa.

Cha ajabu, bembea zenyewe alikuwa hapandi sana. Yeye alikuwa anatembea. Geti likifunguliwa anaanza, na Zuhura pembeni yake, wanazunguka parki nzima, wanapanda vilima, wanazunguka bwawa, wanarudi, wanaanza tena. Mimi naogopa bembea, kwa hiyo nilikuwa nakaa kwenye benchi nalinda mabegi na boksi la keki. Nilimcheka sana. Mtu mzima analipa kiingilio cha bembea ili akatembee kwa miguu!

Kabla ya kula walikuwa wanapotea kidogo, baba na binti. Wanasema wanakwenda chooni. Wakirudi nafungua boksi, namkatia kipande chake. Nilifikiri wana siri zao za mzaha, mambo ya baba na mtoto wake. Niliona wivu kidogo, lakini nilifurahi. Ni baba wangapi wa kwetu wanaoshikana mikono na binti zao hadharani?

Mimi sasa nilikuwa na ndoto yangu, meli. Nilikuwa nimeona kwenye simu zile meli za kitalii, hoteli nzima inaelea, na usiku wanaweka meza ndefu ya vitamu tupu kutoka mwanzo wa ukumbi hadi mwisho. Nilitaka kuiona meza ile kwa macho yangu. Rajabu alikuwa anapiga chenga kila mwaka. Mara atatapika baharini, mara hana likizo. Nilipomkumbusha kwamba tunatimiza miaka ishirini ya ndoa na sijawahi kumwomba kitu, alikubali. Tungepanda meli bandari ya Zeebrugge, wiki moja, mpaka Norwei na kurudi.

Nisikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo ninapopakumbuka kila siku.

Rajabu alikuwa na viatu fulani vyeusi, vizito, vipana kama vya mtu wa kuchimba viazi. Alikuwa anavivaa kila mahali, kazini, parki, mpaka msikitini. Niliviona ni aibu. Meli ina watu wa heshima, wana suti, na siku moja mnakula na kapteni. Nikamnunulia viatu vya ngozi, vyembamba, vya kung'aa, nimshtukize siku ya safari. Na vile vyeusi nikavitia kwenye mfuko wa takataka.

Asubuhi ya safari alikuwa mlangoni na soksi, anaangalia huku na huku.

"Bon, Maman Zuhura, viatu vyangu viko wapi?"

"Vile vya viazi? Nimevitupa, gari la takataka limeshapita. Vaa hivi, mume wangu. Leo wewe ni bwana harusi."

Zuhura alifungua mdomo. "Maman, lakini vile..."

Rajabu akamtazama. Alimtazama tu, na mtoto akafunga mdomo. Kisha akainama akavaa vile vipya, akasimama, akanionyesha.

"Viko vizuri sana," akasema. "Alors, twende, tutachelewa."

Melini nilikuwa na furaha ya kitoto. Meza ya vitamu ilikuwepo kweli, na ilikuwa ndefu kuliko ya kwenye simu. Nilionja kila kitu, nikapiga picha, nikauliza wapishi maswali mpaka wakanizoea. Kila nilichokipenda nilimpelekea Rajabu kwenye sahani. Onja hii. Sasa onja hii. Alionja zote.

Alfajiri alikuwa anatoka kabla hatujaamka. Namwona kupitia kioo wakati wa chai, anazunguka sitaha ya juu, anapita, anapotea, anapita tena, na viatu vyake vya kung'aa. Nilisema moyoni, hatimaye amependa bahari. Zuhura alikuwa mkali safari nzima. Jioni moja nilipoleta sahani ya pili aliniambia mbele ya wageni, "Maman, mwache baba apumue." Nilimgombeza. Nilimwambia amekosa adabu, na baba yake akacheka akamaliza sahani.

Tulirudi nyumbani. Siku chache baadaye nikaanza kusikia harufu chumbani. Nikasafisha friji, nikafua mapazia. Rajabu akaanza kutetemeka kama mtu wa malaria. Nilipomvua soksi niliona kidonda chini ya vidole, kikubwa, cheusi kingoni.

"Haiumi," akaniambia. "Kweli, haiumi hata kidogo."

Mimi nikashukuru Mungu! Nilidhani kisichouma ni kidogo. Nikampaka dawa, nikamfunga kitambaa, na kwa kuwa alikuwa hana nguvu nikamtengenezea keki ya ndizi, laini, ya mgonjwa. Alikula. Kesho yake hakuweza kusimama, tukaita gari la wagonjwa, wakatupeleka hospitali upande wa Woluwe.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mwenye haraka lakini si mbaya. Aliniuliza mgonjwa anakula nini nyumbani. Basi, mimi nilijibu kwa fahari. Nilimtajia zote. Keki ya nazi, ya chokoleti, krem karamel, ya ndizi, na kwamba kila siku lazima apate kipande. Nilimwambia namtunza vizuri. Nilipofika katikati aliacha kuandika.

"Lakini, madame, mume wako ana kisukari."

Nikamwambia amekosea faili. Mume wangu hana kisukari.

Aligeuza macho kwenye kompyuta yake, akasoma, akanirudia. "Sept ans, madame. Amekuwa anatibiwa miaka saba." Akaniambia anajidunga insulini. Akaniambia miguu yake ilikuwa imekufa ganzi, hasikii kidonda, ndiyo maana alipewa viatu maalum vya kutembelea. Akauliza viatu hivyo viko wapi.

Nilimtazama kalamu mkononi. Nakumbuka nilifikiria kwamba wino wake ni wa kijani.

Zuhura alikuwa amekaa kwenye korido. Nilipotoka aliniangalia usoni, akajua nimejua, akaanza kulia. Alikuwa anajua tangu akiwa darasa la nne. Alimkuta baba yake anajidunga, na baba akamwapisha asiseme. Kule parki, chooni, yeye ndiye aliyekuwa anashika begi la dawa mlangoni. Na kule kutembea... daktari wa zamani alimwambia Rajabu akila sukari atembee sana. Kwa hiyo alitafuta mahali anapoweza kutembea siku nzima bila mimi kuuliza kwa nini. Likizo zetu zote, picha zetu zote za kucheka, mume wangu alikuwa anatembea kuzimaliza keki zangu.

"Alisema ukijua utaacha kupika," Zuhura akaniambia. "Alisema wewe ukipika ndiyo unakuwa na raha, le reste, mengine yote, ni kazi tu."

Walimkata vidole, kisha wakamkata mguu, lakini sumu ilikuwa imeshaingia kwenye damu. Kabla hawajamlaza usingizi wa mashine nilipata nafasi ya kukaa naye. Nilikuwa na maneno mengi, lakini nilipomwona nikabaki na moja tu.

"Baba Zuhura, kwa nini hukuniambia?"

"Ungeacha kupika. Sikutaka ukae na huzuni."

"Ningekupikia kitu kingine."

Niliona usoni mwake kwamba jambo hilo hakuwahi kulifikiria, miaka yote saba. Akashika vidole vyangu.

"Donc," akasema polepole, "basi mimi ndiye mjinga." Akajaribu kucheka.

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Tulimzika hapahapa Ubelgiji.

Mtaniuliza, ulilia? Sikulia. Siku niliyopewa habari ya kifo chake nilishuka metro, na kituoni kulikuwa na harufu ya gofri, zile keki bapa za huku, ile harufu ya siagi na sukari inayoungua ambayo zamani ilikuwa inanisimamisha. Nilipita kama ninapita kando ya ukuta. Matangani wanawake walinizunguka wakalia kwa niaba yangu, wakaniletea chai ya sukari na keki, na mimi nilikuwa nawatazama midomo tu. Mpaka leo niko hivyo. Nafanya kazi, nafua, nalipa nyumba. Mtu akiniuliza naendeleaje, nasema ça va.

Na Zuhura, sitawaficha, nilimchukia. Mtoto wangu wa pekee! Tulikuwa tunakaa meza moja bila neno. Alinitengenezea chai, nikainywa bila asante. Nilikuwa najiambia, kama angesema siku ile ya viatu, neno moja tu, baba yake angekuwa hai. Yeye naye, bila shaka, alikuwa akinitazama na kufikiria mfuko wa takataka. Hakuna aliyethubutu kuanza. Nilimzika mume, na nilikuwa naelekea kumpoteza mtoto nikiwa naye chumba kimoja.

Idi iliyofuata niliwasha oveni kwa mara ya kwanza tangu tumzike. Sijui kwa nini, labda mikono ilizoea. Nilitengeneza keki bila sukari, nimeweka tende kidogo na unga mweusi wa ngano isiyokobolewa, kitu cha mtu wa kisukari. Keki niliyopaswa kuipika miaka saba kabla. Nikaitoa, nikaikata, nikageuka na kipande cha kwanza mkononi... kiti chake kilikuwa kitupu. Nikakiweka mbele ya Zuhura. Na bila kujijua nikasimama palepale na kisu, namtazama usoni.

Mtoto akatafuna. Akatafuna muda mrefu. Macho yake yakaanza kujaa maji, na nilimwona anatafuta kule kucheka kwa baba yake, ule uso wa kusema ni nzuri. Kisha akauweka uma chini.

"Maman," akasema, "franchement, kusema kweli, haina ladha. Mimi sitaki."

Wasomaji wenzangu, ni miaka mingapi nilisimama jikoni mle na hakuna mtu aliyewahi kuniambia sitaki?

Nawaomba ninyi wanaume wenye ugonjwa mfukoni, semeni. Mke si mtoto wa kufichwa habari mbaya, na huruma ya namna ile ndiyo iliyoniulia mume. Msiwape watoto wenu siri za kubeba. Na ninyi wanawake wenzangu mnaosifiwa mapishi, mkiona mtu anakula kila mnachompa, mwaka baada ya mwaka, hakatai hata siku moja, wekeni kisu chini mkae naye mumwulize. Msisubiri daktari awaulize ninyi.

Siku ile ya Idi niliichukua sahani ya Zuhura, nikaimwaga keki yote kwenye takataka. Nikakaa, si kwenye kiti changu, kwenye cha Rajabu, karibu na mwanangu. Nikamwambia asante. Nikamwuliza yeye anapenda kula nini, maana nilikuwa sijui.