Cheo cha Lamunu

Mwaka 1967 Sajini Oryem alikuwa polisi mjini Kasese. Aliishi na mkewe na binti yao Lamunu katika kambi ya polisi, karibu na reli. Wao walikuwa Waacholi kutoka kaskazini. Jirani wa kulia alikuwa Msoga, wa kushoto Mtoro. Basi kambini watu walizungumza Kiswahili, kila mtu na chake.

Kila asubuhi Mama Lamunu alikwenda bombani kuchota maji. Lamunu alimfuata na kikopo chake. Treni ya kubeba shaba kutoka mgodini ilipita hapo polepole, ikivuta mabehewa mengi.

"Mama, leo behewa iko kumi na nane," Lamunu alisema siku moja. "Jana ilikuwa kumi na tano. Kwa siku mbili iko thelathini na tatu."

Mama alitua ndoo. Lamunu alikuwa na miaka sita tu. Alikuwa darasa la kwanza, na darasa lao lilikuwa bado linahesabu hadi ishirini kwa vijiti.

Sajini Oryem alikuwa mtu mwema, lakini alipenda sana sifa. Jumamosi alasiri alimpeleka Lamunu kantini. Alimsimamisha juu ya sanduku tupu la risasi, mbele ya wenzake.

"Kumi na saba mara sita!" alisema kwa sauti ya gwaride.

"Mia moja na mbili!"

Polisi walipiga makofi. Mmoja alimnunulia mtoto soda. Baba mtu alivimba kichwa, na Jumatatu akavaa sare yake yote akaenda shuleni kwa mwalimu mkuu, Bwana Byamukama.

"Mwalimu, hii mtoto inapoteza wakati na vijiti," alisema. "Nataka ipewe cheo. Ipande darasa la nne. Leo leo!"

"Lakini afande, iko na miaka sita..."

"Koplo ikifanya kazi ya sajini, inapewa cheo. Ama namna gani?"

Mwalimu mkuu alitazama kofia. Akatazama mkanda. Akatazama buti. Yeye hakuwa mwoga, lakini asubuhi hiyo alifanya kama mwoga. Aliandika jina la Lamunu katika daftari la darasa la nne. Hakumwuliza Mwalimu Nabirye, mama aliyemfundisha mtoto darasa la kwanza. Hata mtoto mwenyewe hakuulizwa.

Katika darasa la nne miguu ya Lamunu ilining'inia. Baba yake akaleta lile sanduku la risasi, likawekwa chini ya dawati ili akanyage juu yake.

Hesabu alizimaliza kabla ya wote. Lakini mwalimu aliposoma imla, wenzake walikuwa neno la kumi na Lamunu alikuwa neno la tatu. Vidole vyake vilimuuma. Watoto wa miaka kumi na moja walimwita "Afande Kidogo". Wakati wa mapumziko walimwambia mpira wao si wa watoto. Aliporudi kwa wenzake wa darasa la kwanza, nao wakamfukuza. "Nenda kwa wakubwa wako!" walisema. Rafiki yake Kahambu peke yake hakusema hivyo, lakini Kahambu hakuwa msemaji.

Wiki ya tatu Lamunu alianza kuumwa tumbo kila asubuhi ya shule. Wiki ya tano treni ilipita bombani, na mama akauliza, "Leo iko ngapi?"

"Sijui," alisema Lamunu. Alikuwa anatazama chini.

Mama Lamunu aliogopa. Homa angeijua. Hii hakuijua. Aliacha ndoo pale pale, akafunga leso vizuri, akaenda moja kwa moja kwa Mwalimu Nabirye.

"Mwalimu, mtoto yangu inazimika," alisema. "Nisaidie."

Mwalimu Nabirye alimkalisha kwenye kiti. "Mama Lamunu, hata mimi iko na makosa," alisema. "Alipokuwa kwangu, akimaliza hesabu kumi nilimpa kumi ingine ya namna ile ile. Nilifikiri namsaidia. Kumbe ilikuwa adhabu. Mtoto kama huyu hataki kazi mingi. Anataka kazi ngumu, yenye inamfikirisha."

"Sasa tutafanya nini? Baba yake hatakubali ashuke."

"Atakubali. Mimi nakuja kwenu Jumamosi, na sitatoka mpaka tuelewane."

Jumamosi asubuhi Sajini Oryem alikuwa nje ya nyumba akipaka buti rangi. Mwalimu Nabirye alisalimu, akakaa, akasema neno lake bila kuzunguka. Sajini alisimama.

"Unataka kushusha mtoto yangu cheo?"

"Afande, hiyo buti ni namba ngapi?"

"Kumi."

"Lamunu anatembea vizuri. Mpe hiyo buti basi, aende nayo shule."

Sajini alitazama buti. Akaiweka chini.

"Katika hesabu Lamunu iko kama mtoto wa miaka kumi," mwalimu aliendelea. "Lakini vidole yake iko na miaka sita. Moyo wake pia iko na miaka sita. Anataka kucheza na wa rika lake. Si kila mtoto mwenye akili lazima abaki na wenzake. Mwingine anaweza kurushwa darasa, na anafurahi. Lakini kwanza tunamwangalia vizuri, tunamwuliza mwalimu wake, tunamwuliza yeye mwenyewe. Sisi hatukuuliza mtu."

"Watu watacheka," alisema Sajini. Sauti ya gwaride ilikuwa imeisha. "Watasema mtoto ya Oryem imeshindwa."

"Wacheke!" Mama Lamunu alisema kwa nguvu, na hata yeye alijishangaa. "Baba Lamunu, mtoto haihesabu treni tena. Unasikia? Siku hizi haiangalii hata!"

Sajini alikaa chini polepole. Kisha alimwita binti yake. Tangu mtoto huyo ajue hesabu, baba yake alikuwa amemwuliza maswali mengi, lakini swali hili lilikuwa la kwanza la namna yake.

"Lamunu, wewe unataka nini?"

Lamunu alimtazama mama, akamtazama mwalimu. "Nataka kukaa na Kahambu," alisema. "Na hesabu ngumu."

Jumatatu mwalimu mkuu aliomba radhi, wakapanga upya. Lamunu alirudi darasa la kwanza. Saa ya hesabu ilipofika, alikwenda darasa la nne, na ilipoisha alirudi kwa wenzake. Hakulazimishwa kurudia alichokijua. Wala hakufanywa mwalimu mdogo wa kufundisha wengine kutwa, maana naye alikuja shuleni kujifunza. Kila mwisho wa mwezi Mwalimu Nabirye aliwaita wazazi wake, wakaangalia kama mpango unafaa au ubadilishwe.

Na sanduku la risasi? Mwalimu Nabirye alilisugua kwa sabuni, akalijaza kadi za maswali. *Kivuli cha mlingoti wa bendera ni kifupi saa ngapi? Pima ujue. Jenga daraja la vijiti libebe jiwe.* Mtoto yeyote aliyemaliza kazi yake aliruhusiwa kuchukua kadi. Asiyejua kusoma alisomewa.

Siku moja Kahambu alichukua kadi ya daraja. Wazazi wake walikuwa wafanyabiashara kutoka Beni, ng'ambo ya mpaka, na darasani alikuwa hazungumzi ila mara chache sana. Alifunga vijiti kwa nyuzi za mgomba, akavipanga pembe tatu tatu.

"Mwalimu, njoo uone!" aliita. "Majiwe iko tatu, na haianguki!"

Mwalimu Nabirye alipiga magoti kulitazama daraja. Aliona aibu. Miezi yote hiyo alifikiri Kahambu ni mzito. Tangu siku hiyo aliwatazama upya watoto wake wote arobaini na wawili, hasa wale wanyamavu.

Jumamosi moja Sajini Oryem alipita kantini na binti yake. Wenzake waliita, "Afande, simamisha mtoto juu ya sanduku, atupe hesabu!"

"Sanduku iko shule," alisema Sajini. "Iko kazini." Akamshika Lamunu mkono, wakaenda zao.

Asubuhi iliyofuata yeye mwenyewe alibeba ndoo mpaka bombani, mkewe na Lamunu wakimfuata, na majirani wakacheka kuona sajini akichota maji. Treni ilitokea mbali.

"Baba," alisema Lamunu, "kwa nini treni ikiwa mbali ni kidogo, ikifika ni kubwa?"

Sajini alifungua mdomo kutoa amri, akaufunga. "Baba haijui," alisema. "Kesho tutauliza mwalimu, mimi na wewe."

Treni ilipita, nzito na polepole. Mama na baba walisimama wakiitazama. Behewa la mwisho lilipopotea, ndoo ilikuwa imejaa na maji yanamwagika, lakini hakuna aliyefunga bomba.

"Ishirini na moja!" alisema Lamunu. Hakuna mtu aliyekuwa amemwuliza.