Buti za Baba Yake Kudra

Kila asubuhi wanafunzi wa darasa la sita walifagia uwanja wa shule yao huko Kalangalala, mjini Geita, na kila asubuhi Noela ndiye aliyeanzisha wimbo wa kufagilia. Alikuwa na sauti nzuri, na nyimbo nyingine alizitunga mwenyewe. Hakuna aliyembishia kwamba yeye ndiye mtunzi wa shule.

Muhula wa pili akahamia Kudra, msichana mkimya kutoka machimbo ya upande wa Bulyanhulu. Alikuja kuishi kwa shangazi yake. Katika kipindi cha sanaa, Mwalimu Martina aliwataka watunge wimbo mfupi. Noela alitunga juu ya faida za elimu, kama alivyozoea, na wenzake wakapiga makofi, kama walivyozoea. Kudra aliimba juu ya kuku wa shangazi yake aliyetagia ndani ya sufuria ya ugali. Darasa zima likacheka. Kufika mapumziko, hata watoto wa darasa la kwanza walikuwa wakiuimba.

Noela peke yake hakuuimba.

"Wimbo wa kuku," alimwambia rafiki yake Loveness. "Hata mtoto wa chekechea angeutunga."

"Mbona wewe hukuutunga?" Loveness akauliza.

Tangu siku hiyo Noela hakuwa na raha. Kudra akisifiwa, yeye aliinamia daftari. Kudra akicheka na wenzake, yeye aliona anachekwa. Mambo yalizidi mwalimu alipotangaza kwamba siku ya wazazi utaimbwa wimbo mmoja tu, na mtunzi wake ndiye atakayeongoza kwaya. Noela alijaribu kutunga, lakini kila neno lililomjia alikwisha kulisikia redioni.

Alasiri moja alimkuta Kudra bombani, nyuma ya jiko la shule, akingoja ndoo ijae huku akiimba kwa sauti ndogo:

*Buti ziko mlangoni, udongo umekauka,*
*Mama hazisogezi, ufagio wazizunguka.*

Noela alijibanza ukutani mpaka akayashika maneno yote.

Ijumaa ilipofika, siku ya kuchagua wimbo wa siku ya wazazi, alinyoosha mkono kabla ya wote, akasimama na kuuimba. Kudra aligeuka akamtazama, kisha akainamisha kichwa. Zamu yake ilipofika, alisema hana wimbo.

"Ni buti za nani hizo, Noela?" Mwalimu Martina akauliza.

"Za baba."

Baba yake alikuwa dereva wa basi la Chato, na kazini alivaa kandambili.

"Na kwa nini mama hazisogezi?"

Noela aliurudia mstari ule ule. Mwalimu akamwambia atunge ubeti wa pili utakaoeleza jambo hilo, aulete Jumatatu.

Jumamosi nzima alihangaika. Aliandika kwamba buti zilikuwa nzito, akafuta. Aliandika kwamba mama alikuwa amechoka, akafuta. Wimbo wa Kudra alikuwa nao mdomoni, na bado alimwonea Kudra wivu, pengine kuliko mwanzo.

Jumapili alikwenda kwa shangazi yake Kudra. Akamwamkia, akaitikiwa, akaelekezwa uani. Kudra alikuwa akiosha vyombo. Noela alizungukazunguka kwa maneno, mwishowe akauliza kwa nini mama hazisogezi zile buti.

Kudra hakuacha kuosha.

"Baba aliingia duarani, kule chini wanakochimba, mvua ikiwa imenyesha. Udongo ukashuka. Buti zake zilikuwa zimetoboka, kwa hiyo siku hiyo aliazima za mwenzake. Zake zimebaki mlangoni. Mama anafagia kuzizunguka." Akasuuza sahani. "Darasani sikusema kitu kwa sababu ningelia."

Noela alichutama, akachukua sufuria iliyobaki, akaisugua.

Jumatatu alisimama kabla hajaitwa.

"Mwalimu, wimbo ule si wangu. Nilimsikia Kudra bombani, nikauiba. Kudra, nisamehe."

Minong'ono ikapita darasani. Mwalimu alimuuliza Kudra kama angependa wimbo wake uimbwe siku ya wazazi. Kudra akasema hapana, ule ni wa kumwimbia mama yake. Siku ya wazazi ataimba wa kuku. Ikaamuliwa hivyo. Kudra angeongoza kwaya, na Noela angesimama mstari wa nyuma.

Wenzake walipotoka, Mwalimu Martina alimbakiza Noela.

"Umefanya vizuri kusema kweli, ingawa umechelewa," alisema. "Sasa nisikilize. Kudra hakukuzidi akili. Yeye hutazama mambo ya kwao. Wewe muda wote huu ulikuwa unamtazama Kudra, ndiyo maana hukuona kitu cha kuimba. Wivu ulikufumba macho, kisha ukakufanya mwizi. Leo asubuhi kwenu uliona nini?"

Noela alifikiri.

"Mama alikuwa anapepeta dagaa. Vumbi likamwingia puani mdogo wangu Mayala, akapiga chafya mpaka akakaa chini. Mama akacheka, ungo ukamponyoka, dagaa wote wakamwagika. Paka wa jirani alifika kabla hatujainama."

Mwalimu alitabasamu.

"Anzia hapo. Na ukimaliza ubeti wa kwanza, usiniletee mimi. Kamwimbie Kudra kwanza."